Mama Amelala: Aamshwe Aage, au Aachwe?

Mgonjwa wa mjadala huu nimemtunga, na waliomzunguka nimewatunga. Ugonjwa wake sikuutunga. Ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Tumpe umri wa miaka sitini na kitu, nyumba Utemini, mjini Singida, shamba la alizeti nje ya mji, na watoto waliotawanyika. Alishafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwake. Akapigwa mionzi, akarudi, akapata nafuu, nafuu ikaisha. Sasa yuko wodini. Tangu juzi usiku anapewa dawa ya kumlaza, maana mahangaiko yalishinda kila kilichojaribiwa: alikuwa anakurupuka, anavua nguo, anapiga kelele, hamtambui mtu. Sasa ametulia. Hafumbui macho wala haitiki.

Kitindamimba wake yuko njiani. Amepanda treni ya SGR hadi Dodoma, na kutoka hapo atachukua basi. Barazani Utemini ndugu na majirani wanabishana kama dawa ipunguzwe ili mama aamke, amwone mwanawe, aseme neno; au aachwe alale, kila mtu aseme naye hivyohivyo alivyo.

MTOTO WA KWANZA: Mimi nasema ipunguzwe. Siombi mama ateseke, naomba saa moja tu. Huyu mama alikuwa hatoki hata kwenda mnadani bila kupita vyumba vyote kuaga. Leo aondoke kimya kwa sababu ya sindano? Mdogo wangu ataishi vipi na hilo?

MUUGUZI MSTAAFU: Saa moja ya nani, kaka? Umeihesabu upande wa mdogo wako. Ihesabu na upande wa kitandani. Ulikuwepo usiku ule aliponing'ang'ania mkono mpaka kucha zikaacha alama. Ukipunguza dawa, mahangaiko yale ndiyo yatakayoamka kwanza. Mama yako atafuata nyuma yake, kama atafuata.

SHANGAZI: Sista, usimbane mtoto. Kwetu mtu akiondoka hajasema, wanaobaki ndio wanaobeba. Wifi yangu ana neno na mimi tangu mwaka wa mahari ya binti yake. Hatukulimaliza. Nilikuwa nangoja apate nafuu.

DAKTARI: Kabla hamjagawana pande, tujue tunazungumzia dawa ipi. Anapata mbili. Mofini ni ya maumivu, na midazolamu ndiyo inayomlaza. Watu wanazichanganya, na mofini imeshapata jina baya kwa sababu hiyo, inaitwa dawa ya kumalizia. Mgonjwa anayeanza mofini husinzia siku mbili tatu, kwa dawa yenyewe na kwa usingizi aliokuwa anaudai, halafu huamka akaomba chai. Waganda wameliona hilo miaka mingi. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya kunywa, inayochanganywa kutokana na unga, na mwaka 2004 sheria ya huko ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso, kuiandika. Mofini ikafika vijijini, na watu wakapata siku za kukaa uani na wajukuu.

MTOTO WA KWANZA: Basi mofini iachwe, ipunguzwe hiyo nyingine.

DAKTARI: Kuna sababu ya tatu ya usingizi wa mama yako, na haimo kwenye bomba la sindano. Saratani hii ikikua hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zinashindwa, taka zinabaki kwenye damu, na mtu anazama taratibu kwenye usingizi ambao hakuna daktari aliyeuandika. Naweza kusimamisha dawa zote leo na asiamke. Lakini kuna jambo moja liko upande wako, na sitalificha. Figo zikishindwa, mofini nayo haitoki mwilini vizuri. Hujilimbikiza, humzidishia usingizi, humfanya ashtukeshtuke mikono. Kwa hiyo kuzipa dozi nafasi zaidi ni tiba halali, na nitafanya hivyo hata msingeomba. Nafanya kwa ajili ya figo. Mazungumzo sikuahidini.

Nakatiza hapa kidogo. Lawama nyingi zinazozuka msibani huanzia kwenye maelezo haya kutotolewa mapema. Aliyeandika dawa ya mwisho anakuwa aliyeua, na muuguzi aliyeichoma anatazamwa vibaya mtaani, wakati ugonjwa ulikuwa umeanza kumlaza mgonjwa wiki nzima kabla. Familia zetu hupewa jina la dawa na saa ya kutazama wagonjwa. Kwamba usingizi ule una chanzo zaidi ya kimoja, mara nyingi hawaambiwi.

SHANGAZI: Tuseme hawezi kujibu. Je, anasikia?

MUUGUZI MSTAAFU: Sisi tulifundishwa kwamba sikio ndilo la mwisho kufunga.

MTOTO WA KWANZA: Mlifundishwa, au mnajua?

Swali la kijana ni la haki, na nitalijibu mimi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walichapisha matokeo ya vipimo vya umeme wa ubongo walivyowafanyia wagonjwa wa nyumba moja ya tiba shufaa mjini Vancouver, Kanada. Waliwapima wakiwa bado wanaongea, kisha wengine wakapimwa tena saa zao za mwisho, wakiwa hawaitiki. Walisikilizishwa milio yenye mpangilio, na mpangilio ukivunjwa ubongo wa baadhi yao ulishtuka karibu kama wa kijana mzima. Mwaka 2024 jarida la New England Journal of Medicine likatoa habari za watu 241 waliopata madhara ya ubongo, ambao ukiwaambia wafumbe kiganja hawafumbi. Ubongo wa 60 kati yao, yaani robo, ulionyesha kuitikia amri ile ndani kwa ndani.

DAKTARI: Tuwe waangalifu na hizo habari. Wale wa Vancouver walikuwa wachache, na kushtuka kwa mlio si kuelewa sentensi. Wale 241 hawakuwa watu wanaokata roho. Na midazolamu ina tabia yake, inafuta kumbukumbu. Anaweza kusikia sasa hivi na dakika tano baadaye kusiwe na kitu.

MUUGUZI MSTAAFU: Dokta, mimi sihitaji akumbuke kesho. Hana kesho. Nahitaji dakika ile asiwe peke yake.

Hapo daktari alikosa la kusema, nami ningekosa. Hata hivyo ushahidi huu mdogo unatosha kwa jambo moja, nalo ni mdomo wetu. Kitanda cha mtu aliyelazwa kwa dawa kimegeuzwa meza ya kikao. Huku mmoja anauliza jeneza la mninga ni bei gani, kule mwingine amefungua kundi la WhatsApp la michango na kusoma majina ya waliotoa. Wa tatu anamwambia wa nne, juu ya kichwa cha mama, kwamba heri apumzike maana gharama zimekuwa kubwa. Mama huyo alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama, anajua hesabu vizuri. Kama kuna uwezekano mmoja kwa kumi kwamba yaliyosemwa yamemfikia, wafanye hesabu zao nje, chini ya mti.

MTOTO WA KWANZA: Basi tufundishe, Sista. Tuseme nini na mtu asiyejibu?

MUUGUZI MSTAAFU: Anza kwa kujitaja. Usimwulize "unanijua?" kama mnavyofanya wote, maana huo ni mtihani, na wa bure. Sema mimi fulani, nimefika, ni jioni, nimekaa kulia kwako. Mguse mkono kabla hujasema. Ukitaka kumgeuza, mwambie kwanza kwamba unamgeuza. Mtu akiguswa ghafla gizani hushtuka hata kama amelala kwa dawa. Mtazame paji la uso. Likikunjamana, akiguna, akikaza vidole, mwite muuguzi, maana usingizi hauzuii maumivu yote. Na mseme naye Kinyaturu.

MTOTO WA KWANZA: Wajukuu wa Dar es Salaam hawakijui.

SHANGAZI: Waseme Kiswahili chao. Kinyaturu nitasema mimi. Nitamtajia mvua zilikonyesha, na nani amevuna. Na maji je? Midomo imemkauka, inanitia huruma.

MUUGUZI MSTAAFU: Pamba iliyoloa, umpake midomo. Usimmiminie, wala uji usimpe. Hawezi kumeza, yataingia kwenye mapafu. Na ule mkoromo utakaousikia ni mate aliyoshindwa kuyameza. Mlaze ubavu. Mkoromo unatutisha sisi kuliko unavyomsumbua yeye.

Ukazuka ubishi wa simu. Kijana alitaka mdogo wake apigiwe palepale alipo, simu iwekwe sikioni mwa mama. Muuguzi akakubali kwa sharti kwamba isiwekwe spika. Nipo upande wake. Wodi zetu zina vitanda vingi, na mtoto anayemlilia mama yake kutoka kwenye basi hastahili kusikilizwa na wagonjwa wote wa jirani na ndugu zao waliokuja na chakula. Isitoshe, mtu akijua anasikilizwa na umati husema ya umati. Atasema "pole mama, Mungu yupo", na lile alilotaka kusema atarudi nalo Dar es Salaam.

Mama ni Mkatoliki, na ukoo alioolewa, akiwemo wifi yake, ni wa Kiislamu. Ndoa za namna hiyo zipo mkoani Singida, na kwenye ugonjwa kila upande huja na mtu wake.

KATEKISTA: Kanisa lilishaulizwa jambo hili, na lilijibu zamani. Februari 1957 Papa Pio XII aliwaambia madaktari kwamba kutuliza maumivu kwa dawa ni halali, hata kama dawa itapunguza fahamu, hata kama uhai utafupika, ikiwa hakuna njia nyingine na kifo chenyewe hakikusudiwi. Lakini aliongeza kwamba mtu asinyimwe fahamu zake bila sababu nzito, na kwamba apewe kwanza nafasi ya kumaliza wajibu wake. Mpako wa wagonjwa padri anaweza kuutoa kwa aliyelala, ikiwa alikuwa mtu wa kuutaka. Kuungama na Komunyo haviwezekani hivyo. Vinahitaji kinywa kilicho macho.

USTADHI: Kwetu mtu akiwa katika sakaratul mauti tunamlakinia shahada, naye aitamke mwenyewe, iwe neno lake la mwisho. Kwa adabu yake, usimkazanie. Akishasema mara moja, nyamaza, labda aongee jambo jingine ndipo umkumbushe. Kwa hiyo dawa inayofunga ulimi kwetu ni jambo kubwa, siwezi kulipitia juujuu. Lakini aliyepoteza fahamu kwa maradhi kalamu haimwandikii, na mwenye huruma hamwamshi mtu kwenye usingizi wa dawa ili ampe mtihani. Ningemwambia daktari aniite kabla hajachoma. Baada ya hapo nitakaa nisome, na wala sitangoja aseme.

Wawili hawa walifika na vitabu tofauti, na kwangu mimi wamesema kitu kimoja. Yako maneno yanayohitaji jibu: unanisamehe? Unataka kufia hapa au nyumbani? Unamtaka nani karibu? Shamba unamwachia nani? Yako na mengine yasiyohitaji jibu: nimefika, asante, nimekusamehe, tutamtunza mdogo wetu, pumzika. Haya ya pili yasemwe wakati wowote, hata pumzi ikiwa ya kuhesabu, na wala hatuhitaji maabara ya Kanada ituruhusu. Ya kwanza yana saa yake, nayo ni kabla ya sindano. Ugomvi wa barazani Utemini umetokana na watu waliochelewesha maneno ya kwanza na sasa wanataka dawa iwarudishie muda.

Wanataka kwa sababu tofauti pia. Baba mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, akatoa yake.

BABA MDOGO: Mimi niseme lisilosemwa. Shamba la alizeti halina maandishi. Shemeji aamke ataje jina moja tu, watu wasije wakatoana macho baada ya arobaini.

DAKTARI: Mzee, huyo hata akiamka sitathubutu kusema ana akili ya kugawa shamba.

Na sheria haingempa baba mdogo alichokitaka. Kanuni za wosia za kimila, zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa tangazo namba 436, zinaukubali wosia wa mdomo, ila mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Na wosia wa mtu ambaye maradhi yamemwondolea akili timamu hausimami. Jina lililonong'onwa na mama aliyeamshwa nusunusu, figo zimekufa, midazolamu bado imo damuni, lingekuwa mwanzo wa kesi. Ningeogopa zaidi jambo jingine: kwamba aliyeinama karibu zaidi na mdomo wake ndiye angesikia jina lake mwenyewe.

SHANGAZI: Haya yote yangesemwa miezi sita iliyopita. Mlimficha. Mlimwambia ni uvimbe wa uzazi, utaisha kwa mionzi.

MTOTO WA KWANZA: Tulitaka asikate tamaa, shangazi.

SHANGAZI: Mtu unampeleka Ocean Road, anakaa foleni na wenzake waliovaa vilemba kichwani hawana nywele, halafu unamwambia ni uvimbe! Alijua. Alinyamaza ili awafurahishe nyinyi. Na mimi nikanyamaza kwa kuwa nyinyi mlinyamaza.

MUUGUZI MSTAAFU: Na sisi wauguzi tukiwa pale tunanyamaza, maana ndugu wametuvuta koridoni wametuomba tusimwambie.

Hapa nachukua upande waziwazi. Kuficha ugonjwa kunatoka kwenye upendo, na bado kunamwibia mgonjwa siku zake za kusema. Anayefichwa hawezi kuaga, kwa sababu akiaga atakuwa amewaumbua wanaomficha. Mwongozo wa sedesheni, yaani kumlaza mgonjwa kwa dawa, uliotolewa na chama cha tiba shufaa cha Ulaya mwaka 2009 ulitaka wahudumu wazungumze na mgonjwa mapema, kabla hali haijawa ya dharura, na ulitaka ndugu wasaidiwe kujua la kufanya kitandani: kukaa, kugusa, kusema. Sioni kwa nini hilo litushinde. Halihitaji mashine. Linahitaji mtu mmoja wa wodi, siku ambayo mgonjwa bado anaomba redio iongezwe sauti, akae kwenye ukingo wa kitanda amwulize: ukifika wakati tukakupa dawa ya kulala, ni nani unataka awe amekuja, na ni nini unataka kiwe kimesemwa? Majibu yaandikwe kwenye faili, mstari mmoja chini ya orodha ya dawa, ili muuguzi wa zamu ya usiku ayakute.

MTOTO WA KWANZA: Hiyo ni ya wagonjwa wajao. Mimi mama yangu ni huyu. Bado nasema saa moja.

DAKTARI: Nitakwambia nitakachofanya. Dozi za mofini nitazipa nafasi zaidi kwa sababu ya figo. Midazolamu siigusi mpaka mdogo wako afike. Akifika, tutamtazama mama pamoja. Akiwa ametulia kabisa, naweza kuishusha kidogo, taratibu, nikiwa nimesimama pale. Akikunja uso tu, narudisha, na hamtaniomba tena.

MUUGUZI MSTAAFU: Mimi nisingefanya hata hivyo.

DAKTARI: Najua, Sista. Ndiyo maana nataka uwepo.

Sijaridhika na uamuzi huu. Kushusha dawa kwa ajili ya anayekuja ni kumfanya mgonjwa mwenyeji wa wageni mpaka dakika ya mwisho. Lakini kijana ana hoja moja ambayo sijaipatia jawabu: huenda mama mwenyewe, angeulizwa, angesema mniamshe hata ikiuma. Wako kina mama wa namna hiyo, wengi, na hakuna hapo barazani anayejua kama huyu ni mmoja wao. Walioishi naye miaka yote hawajui. Muuguzi naye alibishana kwa uhakika kana kwamba anajua.

Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. Akafunga khanga vizuri kiunoni, akahesabu watu kwa kidole.

SHANGAZI: Mtoto wa kaka yangu, yupo. Baba mdogo, yupo. Hao wawili wa ukoo. Ustadhi na Sista watu baki. Dokta, una kalamu?

MTOTO WA KWANZA: Shangazi, usijitabirie.

SHANGAZI: Nimetabiri nini? Nina sukari, nina presha, nina miaka sabini na mbili. Andika. La kwanza, nikiugua nisifichwe. La pili, msinilaze kabla hajaletwa mjukuu wangu wa Manyoni, hata kama napiga kelele. Sista, usinitazame hivyo, nimesema hata kama napiga kelele. La tatu, mbuzi.